Sekunde Thelathini za Nsimire

Siku ya kwanza ya kazi ile, mwanzoni mwa mwaka 2016, nilipanda ngazi za ghorofa tisa pale Berea, Johannesburg, nikiwa na kinasa sauti kifuani, fimbo ya maikrofoni begani na umri wa miaka hamsini na minane. Lifti ilikuwa imekufa siku nyingi, wapangaji waliigeuza stoo ya ndoo na magodoro. Mwongozaji wa filamu, yaani yule anayeamua nani apigwe picha na aulizwe nini, alikuwa ameshafika juu mikono mitupu. "Mzee, umechelewa," akaniambia. Nikamjibu kwamba ngazi ni zilezile ila mizigo ni tofauti. Alicheka, nami nikacheka, maana wakati ule nilikuwa bado nampenda.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia kazi ya sauti, kwa sababu kila nikikutana nanyi mnaniuliza habari za mashine. Mashine gani nzuri, betri gani inadumu. Hakuna hata mmoja anayeniuliza kazi yenyewe inaweza kumfanya nini mtu. Basi leo mtasikia bila kuuliza.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kazi nilijifunza redioni Dar es Salaam chini ya Mkuu wa Studio, mzee mmoja mkali aliyekuwa akituvua viatu mlangoni ili tusikwaruze sakafu. Alitufundisha kwamba mpiga picha anaweza kufumba macho akapumzika, lakini mtu wa sauti masikio yake hayana kifuniko, na chochote atakachosikia kimekuwa amana kwake. Nilipohamia Johannesburg nilirekodi arusi, mahubiri ya makanisa ya Wakongo, matangazo ya sabuni, kila kitu. Hii filamu ya wanafunzi ilikuwa ndiyo kazi kubwa kuliko zote, na niliipata nikiwa karibu kustaafu. Nikaona Mungu kanikumbuka.

Filamu ilihusu vijana wanaongojea kuingia udaktari. Kule nafasi za udaktari ni chache mno. Wengi waliokosa huanza shahada ya sayansi, wanameza kemia na biolojia mpaka macho yanaingia ndani, kisha wanaomba tena. Kitivo tulichokifuata kiliruhusu mtu kuomba mara mbili tu. Ukikosa ya pili, biashara imekwisha, katafute maisha mengine. Tulichagua wanafunzi wanne ili tukae nao miaka miwili, na mmoja wao alikuwa Nsimire.

Nsimire alizaliwa Bukavu, akaletwa Johannesburg akiwa na miaka sita. Mama yake alikuwa msusi, na saluni yake ya viti viwili ilikuwa chini ya jengo lilelile. Waliishi chumba kimoja katika fleti iliyogawanywa kwa familia nne, jiko la wote. Binti alisomea jikoni, juu ya friji iliyolazwa ikawa meza, huku majirani wakipika fufu, ugali wa kwao, na kumpita mgongoni. Kiswahili alikisikia chote lakini akijibu alichanganya na Kiingereza na Kizulu, mama anagomba, yeye anacheka. Mwaka wa kwanza wa kurekodi aliomba, akakosa. Sikumwona akilia. Alikunja barua ya kukataliwa, akauliza kama tunataka chai.

Sasa niwaeleze jambo moja la kazi yetu, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nina hasira mpaka leo. Kila chumba kina sauti yake hata watu wakinyamaza: mabomba, magari ya mbali, friji. Mhariri anapokata na kuunga maneno, ile sauti hukatika na sikio linastuka. Kwa hiyo kila baada ya mahojiano mtu wa sauti huomba kila mmoja akae kimya palepale alipo kwa sekunde thelathini, arekodi ule utupu, uje kuzibia nyufa. Sisi huita sauti ya chumba. Pale Berea ilikuwa kazi ya kuumiza kichwa, kwa sababu ya wale ndege hadada wanaolia juu ya mapaa kama bati linavutwa barabarani. Tulirudia mara nne, mara tano.

Na Nsimire alikuwa na ugonjwa wa kucheka. Ukimwambia nyamaza, anakutazama, mabega yanaanza kutikisika. Hapo nikamfundisha: "Mwanangu, usinitazame mimi. Inamisha kichwa, tazama mikono yako mpaka nikwambie basi." Ikawa ndiyo desturi yake. Kila nikiomba kimya, anainama na kutazama mikono.

Mwaka wa pili zikazuka habari chuoni kwamba maswali ya mtihani wa kemia yaliuzwa kwenye simu kabla ya siku yake. Chuo kikachunguza, waliohusika wakakamatwa, na Nsimire hakuwamo. Hata hivyo Mwongozaji aliamua kuwauliza wanafunzi wetu wote wanne. Sikuona ubaya. Tulikwenda kwa Nsimire siku ya Jumamosi, mama yake amesimama mlangoni na kitana mkononi.

"Wewe ulinunua maswali?" Mwongozaji akauliza.

"Hapana," Nsimire akajibu, papo hapo, macho kwa macho. "Ningekuwa nayo, si ningepata alama nzuri kuliko hizi?"

Tulicheka sote, hata mama. Halafu nikaomba sauti ya chumba. Nsimire akainamisha kichwa, akatazama mikono yake. Mpiga picha hakuzima kamera. Mara nyingi hawazimi, uvivu tu.

Wiki ileile tulikwenda Sandton, mtaa wa matajiri, kwa mwanafunzi mwingine, kijana wa Kikenya, baba yake ni mkubwa wa benki na rafiki wa Mwongozaji. Swali lilelile. Kijana akashika pua, akaomba maji, akasema swali limemjia vibaya, akanywa maji yote, ndipo akasema hapana. Mimi simtuhumu. Inawezekana alitishwa na swali tu. Nawasimulia nilichosikia.

Filamu ilipokamilika, mwaka 2018, tuliitwa ofisini Sandton kuitazama kabla haijatoka. Vyakula vizuri, viyoyozi, treni ya kasi inapita chini ya miguu yetu. Likaja swali la mtihani. Kijana wa Sandton anaulizwa, anajibu, "Hapana." Safi kabisa. Maji yamekatwa, pua imekatwa. Kisha Nsimire anaulizwa, "Wewe ulinunua maswali?" Naye anainamisha kichwa. Anatazama mikono. Hasemi neno. Picha inamsogelea taratibu, sekunde moja, mbili, tano, kumi, na muziki wa huzuni unaingia.

Nilimngoja Mwongozaji mlangoni.

"Yule mtoto alijibu," nikamwambia. "Nimevaa hedifoni, nimemsikia."

"Alijibu, sikatai. Lakini jibu lenyewe halikuwa na uzito, Mzee. Ile sura ndiyo ina uzito."

"Ile sura niliiomba mimi. Ni sauti ya chumba."

"Basi asante, umetusaidia." Akanishika bega. "Mzee, sikiza. Hatujasema ameiba. Tumeacha mtazamaji aamue. Si wewe ni mtu wa sauti? Shughulika na sauti. Na kuna kazi ya Durban, wiki tatu, nimeweka jina lako. Usijiharibie."

Nikafyata ulimi. Andikeni hilo kama mnaandika. Mtu mzima, mvi kichwani, nimefundishwa amana tangu ujana, nikafyata ulimi kwa ajili ya safari ya Durban. Nilijidanganya moyoni kwamba watu hawatatilia maanani, kwamba sekunde kumi haziwezi kumuua mtu.

Filamu ilionyeshwa kwenye televisheni nikiwa Durban. Siku chache baadaye Nsimire akaitwa mbele ya kamati ya udahili ya kitivo, maombi yake ya pili na ya mwisho. Alama alikuwa nazo safari hii. Wajumbe wakamuuliza mambo ya kemia dakika chache, kisha wakamuuliza kwa nini alishindwa kujibu swali kwenye filamu. Akasema alijibu. Wakamwambia alete ushahidi. Akapiga simu kwa kampuni ya filamu, wakamwambia picha zote zilizorekodiwa ni mali yao na haziombwi hovyo. Ndipo akanipigia mimi.

Nilikuwa kazini, hedifoni kichwani, simu inawaka jina lake mezani. Niliigeuza kifudifudi. Baadaye nikasoma ujumbe wake: "Shikamoo Mzee. Wanataka proof kwamba nilijibu. Wamesema mwisho Friday. Please Mzee, wewe ulikuwepo."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Nakala ya sauti ilikuwa nyumbani kwangu, kabatini, lakini nani kasema lazima nakala? Ningeweza kupiga simu moja tu kwa ile kamati, nikasema mimi ndiye mrekodi, subirini, ushahidi upo. Nilijiambia narudi Jumapili, Jumatatu nitakwenda mwenyewe, siku tatu ni nini. Kumbe nilikuwa nataka tu kumaliza kazi ya Durban kabla Mwongozaji hajajua. Nimekuwa na muda mwingi wa kujichunguza na sijapata sababu nyingine.

Jumatatu asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni pa kitivo. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama wa makamo, daktari, mwenye haraka. Nikamvalisha hedifoni. Sauti ya kwanza aliyosikia ni yangu, maana mrekodi hutaja anachorekodi: jina, mahali, swali la ngapi. Akasikia jibu, akasikia kicheko, akanisikia nikisema, "Sauti ya chumba, sekunde thelathini, tazama mikono yako." Nikamwonyesha namba za muda, zile ambazo kamera na kinasa sauti hutembea nazo pamoja kama saa moja, akazilinganisha na nakala ya filamu niliyopewa kazini, ile yenye namba hizo chini ya picha. Zilikuwa zilezile. Alivua hedifoni polepole.

"Orodha ilitoka Jumamosi," akasema. "Nafasi zimejaa na waliopata wamekwisha kukubali. Kwa nini hukuja Ijumaa?"

Nikaanza kueleza mambo ya safari. Hakunisikiliza. Aliandika barua ya kusafisha jina la Nsimire, sahihi, mhuri, maneno mazuri. Nafasi hakuwa nayo ya kuandika. Kanuni ya mara mbili nayo alisema haiko mikononi mwake.

Niliipeleka barua saluni. Mama Nsimire alikuwa anamsuka mteja, akamwomba yule mteja aisome kwa sauti, kwa kuwa ilikuwa ya Kiingereza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kusuka. Kisha akaniuliza, na Kiswahili chake cha Bukavu kilikuwa cha upole kabisa.

"Papa, iyi sauti ulikuwa nayo tangu lini?"

"Tangu siku ya kurekodi."

"Mimi pia nilisikia mutoto akijibu. Nilikuwa pale ku mulango. Lakini mimi ni mama yake, nani atasikia mama? Weye njo ulikuwa na mashine." Akakaza msuko. "Siku ya Ijumaa ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kazini," nikamjibu.

Akarudi kwenye kichwa cha mteja wake, nami sikupewa kiti.

Kampuni iliniandikia kwamba nimevunja mkataba kwa kutoa mali yao, na simu za kazi zikakauka. Mwaka 2019 nikauza mashine zangu nikajiita mstaafu. Mwongozaji bado anaongoza. Nimesikia ile filamu huonyeshwa kwa wanaosomea kazi yetu, na mwalimu husimamisha picha pale Nsimire anapotazama mikono, anawaambia wanafunzi watazame jinsi kimya kinavyosema. Kimya kile hakikusema kitu. Kilikuwa kinazibia nyufa. Mkionyeshwa tena, simameni mseme hivyo, na kama mwalimu atawafukuza darasani, tokeni.

Nsimire anafanya kazi maabara siku hizi. Hupima damu, huandika majibu, na daktari ndiye huyachukua kwenda kwa mgonjwa. Tukikutana kwenye robot, yaani taa za barabarani, pale Berea ananiamkia, "Shikamoo Mzee," kwa adabu yote aliyofundishwa na mama yake, halafu anavuka.

Vijana wenzenu waliosikia habari hii huniambia nilikuwa jasiri, kwamba nilipoteza kazi kwa ajili ya haki. Nawaomba mwache. Jasiri angekwenda Ijumaa.