Kaburi Alilolikana Ossufo

Kijiji cha Msimbwe kilikuwa na watu wengi waliojua kusema, lakini njia ya kuuzunguka mji ilikuwa na mtu mmoja tu, naye ni Ossufo. Kila mwaka, kabla watu hawajatoka na mbuzi, msahafu na chetezo kuuzunguka mji wao ili Mungu auepushe na balaa, yeye alitangulia siku tatu na panga lake, akafyeka. Alianzia kwenye kuta za msikiti wa kale, akashuka hadi kisima cha ngazi, akapita kaburi la Sharifu pale ufukweni, akapanda rasini kwenye magofu ya forodha ya Wareno, kisha akakata bara kupitia mihogo na mikorosho mpaka akatokea msikitini tena. Baba yake aliifanya kazi hiyo, na babu yake pia. Malipo yao yalikuwa kutangulia mbele ya watu, na Ossufo aliyapenda malipo hayo kupita kiasi. Ukitaka kumuudhi, mpite njiani.

Lakini palikuwa na mahali pamoja ambapo Ossufo alikaza mwendo. Ni kule mihogoni, kando ya njia, penye mawe sita ya matumbawe yaliyopangwa kuelekea kibla. Hapo alilala Bibi Maua, bibi wa mama yake. Aliletwa kutoka bara kamba ikiwa shingoni, akanunuliwa na baba wa babu yao akina Shehe Amisse, akazaa hapo Msimbwe, na alipokufa hakupewa nafasi katika makaburi ya waungwana. Wenzake wakipita wakiitikia dua, Ossufo alitazama mbele. Dada yake, Nafisa, ndiye aliyebaki nyuma na ufagio wake na konzi ya unga wa mtama. Alifagia, akanyunyiza, akazungumza na bibi yake maneno mawili matatu, kisha akakimbia kuwafuata wengine.

"Nafisa, unatutia aibu," Ossufo alikuwa akimwambia.

"Aibu gani, kaka? Bila yeye wewe ungetoka wapi?"

Mficha uchi hazai, walisema wahenga, lakini Ossufo alikuwa na watoto watano tayari, akadhani methali hiyo haimhusu.

Habari za gesi zilipofika, watu wa Msimbwe walicheka. Kitu kisichoonekana, kilichoko chini ya bahari, kina udugu gani na mihogo yao? Mwaka 2013 udugu huo ukaja kwa miguu. Alikuja Senhor Abílio wa kampuni ya gesi, mtu wa makamo kutoka Nampula, mpole, ana kimashine cha satelaiti mkononi na karatasi kifuani. Aliwakusanya watu akawaeleza bila kuzungukazunguka kwamba Msimbwe itahamishwa na rasi yote itawekewa ua. Kila kaburi na kila mahali pa heshima patakapoandikwa, patahamishwa kwa dua au pataachwa salama.

"Kisichoandikwa," akasema, "máquina, yaani tingatinga, haitakijua."

Mkutano ulipovunjika tu, Nafisa alimshika kaka yake mkono. "Kaka, wewe ndiye utakayewatembeza. Mwandikishe bibi. Mimi mwanamke, hawatanichukua."

"Nitamwandikisha," Ossufo akamjibu, na wakati ule alisema kweli.

Asubuhi yake akavishwa kizibao cha rangi ya chungwa na mabuti yaliyombana vidole, akatangulia kama kawaida yake. Nyuma yake alikuja Abílio, na nyuma ya Abílio Shehe Amisse, imamu wa kijiji, ambaye mwanawe alikuwa amemposa binti wa Ossufo, na posa ilikuwa imejibiwa wiki ileile. Ilikuwa siku tamu kuliko zote katika maisha ya Ossufo. Kila walipofika, Abílio aliuliza jina, akabonyeza kimashine, akaandika. Na Ossufo akaeleza! Pale kisimani peke yake alimmalizia yule bwana ukurasa mzima.

Wakafika mihogoni. Ossufo akakaza mwendo, miguu yake imezoea, lakini Abílio akasimama.

"Tio, mjomba, na haya? Yamepangwa. Ni campa, kaburi?"

Ossufo akageuka. Akamwangalia Shehe Amisse, na Shehe alikuwa akitazama ardhi. Mara Ossufo akaiona harusi ya binti yake, na wageni wakinong'onezana kwamba bibi harusi ana asili ya utumwa.

"Mawe tu hayo," akasema. "Watoto huyapanga wakichunga mbuzi."

Abílio akamtazama Shehe. Shehe hakunyanyua uso. Kimashine hakikubonyezwa, wakaendelea na safari, na walipofika msikitini Ossufo akatia sahihi yake chini ya orodha. Nafisa alipomuuliza, alijibu, "Tayari."

Hapa ndipo ningependa kumkamata Ossufo masikio yote mawili. Kwa miaka miwili baada ya siku ile Abílio alikuwa na ofisi mjini Palma, mlango wazi, na Ossufo alipita mbele yake kila mwezi akienda kuuza nazi. Angeingia, angesema neno moja. Kila mwezi alijiambia mwezi ujao.

Mwaka wa tano baada ya matembezi yale, siku ya kuhamisha makaburi ikafika. Kila familia ilikuja na sanda zake. Abílio, mvi zimeshamwingia, akasoma majina, na kwa kila jina watu waliitikia dua. Orodha ikaisha. Nafisa alikuwa amesimama na sanda aliyoishona mwenyewe, bado imekunjwa.

"Bado mmoja," akasema. "Maua, kule mihogoni."

Abílio akapekua karatasi mbele na nyuma. "Mihogoni hakuna kitu, mama. Mzee Ossufo alituambia ni mawe ya watoto. Barabara ya magari makubwa imeshapita pale, ndani ya ua, mwezi wa pili sasa."

Nafisa alimtazama kaka yake mbele ya watu wote, na Ossufo hakuwa na pa kuyaweka macho yake. Aliyelia ni Shehe Amisse.

"Ndugu yangu," Shehe akasema, "mimi nilikuwa nangoja useme wewe. Bibi ni wako. Mimi ni kitukuu cha aliyemnunua, ningemtaja kwa mdomo gani? Haya zilinishika."

"Niliogopa kwa ajili ya harusi, Shehe."

"Harusi! Nani Msimbwe asiyejua? Mama yangu alitukataza tangu utotoni tusikanyage pale."

Wanaume wawili walioneana haya, na bibi wa watu akafukiwa mara ya pili. Ossufo alirudi nyumbani amevuna mabua.

Kijiji kipya hakina njia ya kuzunguka, kina ua tu upande mmoja na barabara upande wa pili. Panga la Ossufo likalala bure, na majuto yakaja, maana majuto ni mjukuu. Siku moja alichukua jembe akaenda kwenye makaburi mapya, akachimba kaburi dogo lisilo na mtu katikati ya waungwana. Akachonga na ubao wa jina. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba Maua ni jina alilopewa na waliomnunua. Jina lake la kwao mama yao alimwambia Nafisa peke yake.

Akaenda kwa Nafisa, akamkuta anapepeta mchele.

"Dada, bibi aliitwa nani kwao? Nataka kuliandika."

Nafisa akaendelea kupepeta, akapuliza makapi.

"Siku ile waliuliza, kaka, nawe ulikuwa na jina moja la kuwapa, ukawanyima. La pili sikupi."

Ubao uko mlangoni kwa Ossufo mpaka leo, umesuguliwa vizuri, hauna herufi hata moja. Nafisa humletea chakula kila Ijumaa, humuuliza magoti yake yanaendeleaje, na mara nyingine hucheka naye. Jina hajampa, na Ossufo hajathubutu kuuliza tena.