Muuguzi wa Chumba cha Vidonda

Ana vidole vifupi vilivyokauka kwa spiriti, na sauti ya kubembeleza mtoto hata anapoongea na babu wa miaka sabini. Kabla ya kubandua bandeji huilowesha, kisha husubiri. Foleni ikinung'unika, huwaambia, "Kidonda hakiharakishwi, jamani." Wenzake wamemshauri mara nyingi aombe kuhamia kwenye chanjo, kusikokuwa na harufu. Yeye huguna tu, akiendelea kukata shashi.

Kuna fundi cherehani aliyeletwa na mkewe, mguu umeoza kwa kisukari, na hospitali kubwa imeshasema ukatwe. Kwa miezi saba muuguzi alimsafisha, akikipima kidonda kwa rula na kuandika daftarini. "Leo kimepungua punje ya mchele, baba." Asubuhi moja akafungua bandeji, akakuta kimefunga, ngozi mpya, nyembamba kama ganda la kitunguu. Akatoka mlangoni na kuita kwa sauti ambayo wenzake hawakuwahi kuisikia: "Njooni muone!" Akaja mfagizi, akaja mtu wa dawa, hata wagonjwa wa foleni wakachungulia.

"Basi Jumatano nisije, sista?" fundi akauliza.

"Usije! Ukija nakufukuza."

Watu wakacheka. Fundi akateremka kitandani, akaanza kuchezesha wayo sakafuni, juu chini, kama yuko kwenye cherehani yake. Muuguzi akageukia kabati, akawa anatafuta kitu humo kwa muda mrefu, mabega yakimtikisika.

"Anayefuata," akaita, bila kugeuka.