Jopo la Saluni ya Shangazi

Simu ya kuniita kwenye intavyu ilinikuta mikono yangu yote miwili imo ndani ya povu, kichwani mwa mke wa pasta. Nilikuwa nimeteremka kutoka Olenguruone baada ya kumaliza diploma ya biashara, nikaja kukaa kwa shangazi yangu mtaani Rhonda. Nilimsaidia kuosha nywele za wateja wa saluni yake huku nikitafuta kazi. Shangazi ndiye aliyeibonyeza simu na kuiweka spika, kwa hiyo saluni nzima ilisikia: kampuni moja ya mbegu na mbolea, hapo Nakuru mjini, ilitaka mtu wa kuhudumia wateja, nami nifike Alhamisi asubuhi.

Nikashukuru kwa sauti nyembamba ambayo sijui niliitoa wapi. Mke wa pasta, maji yakimchuruzika shingoni, akasema amina.

Kuanzia hapo intavyu haikuwa yangu tena. Shangazi alizima redio akatangaza kwamba lazima nifanyiwe mazoezi. Jopo likapatikana papo hapo: yeye mwenyewe, mke wa pasta akiwa na taulo kichwani, mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa chini ya draya, na mama anayeuza mitumba ambaye huja pale kupumzisha miguu tu, sijawahi kumwona akisukwa.

Mwalimu alianza kwa kuniambia nijieleze. Kwa kuwa draya ilikuwa ikimvumia masikioni, aliuliza kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde, na watu wawili waliokuwa wakipita nje wakasimama kusikiliza jibu. Nikaanza na kuzaliwa kwangu, nikiwa mtoto wa pili, msimu wa baridi.

"Hawaajiri mtoto mchanga," akanikata. "Anza na kile unachoweza kufanya."

Mke wa pasta alitaka kujua kama nina mchumba. Shangazi akamweleza kwamba swali hilo haliulizwi siku hizi. Akajibu kwamba anajua, alikuwa anajiulizia tu.

Walipogombana hasa ni kwenye swali la udhaifu wangu. Mama wa mitumba alishikilia niseme kwamba napenda kazi kupita kiasi. Shangazi alicheka mpaka akaweka kitana chini, kwa sababu asubuhi hiyohiyo alikuwa ameniamsha kwa kunivuta blanketi. Mwalimu akaamua: nitaje udhaifu wa kweli, lakini uwe mdogo, usiomtisha mtu.

Kisha ikaja habari ya kuingia. Shangazi alisema watu hupimwa wakiwa bado mlangoni. Shida ni kwamba saluni haina mlango wa maana, ina pazia. Nikatumwa kwa bucha jirani. Nilibisha, nikaingia, nikatabasamu, nikafunga mlango polepole bila kuupa mgongo umati, nikasema, "Hamjambo." Mwenye bucha akaniuliza kama nataka nusu au robo. Nilitoka nikaingia tena, na tena, hadi wateja wake wakaanza kunipa alama. Mmoja alisema tabasamu langu ni la mtu anayekuja kukopa.

Jioni mama wa mitumba aliniletea koti jeusi. Lilikuwa la mwanamume, pana mabegani. Alisema nikilivaa nitaonekana nina watu nyuma yangu. Nilipojitazama kwenye kioo niliona kwamba wanaweza hata kukaa humo ndani pamoja nami.

Alhamisi nilifika mapema. Katika chumba cha kungojea kulikuwa na kijana wa suti aliyekuwa akinong'ona majibu yake macho yakiwa yamefumbwa. Nilipomsikia akimnong'onezea ukuta kwamba anapenda kazi kupita kiasi, nilianza kucheka, nikajifanya nakohoa, na mlinzi akaniletea maji. Nilikuwa bado nayafuta kidevuni nilipoitwa.

Ndani walikuwa watatu: meneja wa kike mwenye miwani, bibi mmoja wa ofisi ya wafanyakazi, na mzee wa idara ya mauzo aliyekuwa amekunja mikono. Nilijieleza bila kutaja kuzaliwa. Nilipoulizwa udhaifu nikasema ukweli, kwamba naongea sana. Meneja akasema wameshaanza kuona.

Kisha akanieleza kwamba mzee atajifanya mteja aliyekasirika, nami nimhudumie. Mzee hakungoja. Alisimama, akapiga meza, akafoka kwamba mbegu tulizomuuzia hazikumea, shamba limekaa tupu, na majirani wanamcheka. Majibu yote niliyokuwa nimekariri yakanitoroka. Kilichobaki ni kile nilichokuwa nikimwona Shangazi akifanya kila mteja aliporudi na nywele zinazong'oka: mpe kiti, mpe pole, usibishane, mwache aanzie mwanzo.

"Pole sana, mzee. Keti kwanza," nikamwambia, nikamvutia kiti. "Hizo mbegu ulizipanda na nani?"

"Na mke wangu."

"Naye anasemaje?"

Mzee aliketi kwenye kile kiti. Hapo nikajua tumetoka kwenye maigizo.

"Alisema tungoje mvua," akajibu polepole.

"Na mkangoja?"

Meneja alivua miwani akajifunika uso. Bibi wa ofisi ya wafanyakazi alikuwa ameinama kabisa, mabega yakimtikisika. Mzee akamgeukia meneja na kumwambia kwamba mazoezi yamekwisha.

Walimalizia kwa kuniuliza kama nina swali lolote. Mwalimu alikuwa amenipa la kuuliza, zuri, kuhusu mipango ya kampuni kwa siku za mbele. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nilimtazama mzee.

"Mvua ilipokuja, zilimea?"

"Zilimea," akasema. "Zote. Na mke wangu hajaacha kunikumbusha."

Waliniajiri. Barua ya kazi ilisema nitafundishwa na idara ya mauzo, maana yake mzee yuleyule. Siku ya kwanza alinitembeza dukani akinionyesha kila kitu kwa ukarimu ulionitia wasiwasi. Kabla ya saa ya chai akaingia mama mmoja mrefu wa gambuti, amebeba mfuko wa mbolea iliyoganda kama jiwe. Akauangusha juu ya kaunta hadi mizani ikaruka.

Mzee alimtazama, akanitazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

"Huyu ni wako," akasema, akaingia stoo na kufunga mlango.

Mama yule alikataa kiti. Alikataa pole. Nilipomuuliza nyumbani wanasemaje, akaniambia nyumbani anayesema ni yeye. Alinieleza kisa chote akiwa amesimama, kisha akakirudia kwa kila mteja aliyeingia, nami nikiwa kando nikiitikia kwa kichwa. Jua lilikuwa la utosi alipoondoka. Alikuwa na mfuko mpya begani, na mkononi chapati niliyokuwa nimejifungia ya mchana, ambayo hata leo siwezi kukueleza alinishawishi vipi nimpe.