Sweta ya Zamu ya Friji

Nilipokuwa nikifungasha kuja Doha, mama alinikabidhi sweta ya kijani aliyoifuma mwenyewe, nzito kama blanketi. Nilimwambia naenda jangwani, siendi kwenye baridi ya Kinangop. Akasema baridi haina adabu, huingia popote, nami nikaisukuma chini kabisa ya begi nikiwa nimenuna. Ilikuwa sweta yake ya mwisho. Vidole vilikuwa vimeanza kukakamaa, na aliniapisha nisimwazime mtu yeyote, maana watu humaliza nguo ya mwenzao bila huruma.

Kazi yangu ni ulinzi katika jumba la maduka. Nje joto hupenya soli ya kiatu hadi kwenye wayo. Ndani, mlango niliopangiwa unatazamana na uwanja wa barafu, watoto wanateleza na kucheka kutwa nzima. Tulipaita Friji. Simama pale kwa muda wa saa kumi na mbili na shati jembamba la kampuni, utamwonea kondoo wivu. Siku ya pili tu niliitoa sweta begini nikaivaa ndani ya shati, kwa kuwa msimamizi hataki kuona kitu kisicho sare. Nilivimba kama andazi, lakini meno yaliacha kugongana. Mama ni mama.

Tatizo ni kwamba chumbani kwetu Al Wukair tulikuwa walinzi sita, na Friji tulisimama kwa zamu. Wa kwanza kuiomba sweta alikuwa dada Mganda anayelala kitanda cha juu yangu. Nilimkatalia, tena kwa ukali. Akarudi kutoka kazini akikohoa mpaka kitanda kinatikisika, nikaona haya, nikampa. Ukishampa mmoja, wa pili utamnyimaje? Ikawa sheria ya chumba: aliyepangwa Friji ndiye mwenye sweta. Na mama aliponiuliza kila Ijumaa kama ninaivaa, nilimjibu kwamba haijawahi kutoka mwilini mwangu.

Ijumaa moja ya Januari tulitoka kanisani Mesaimeer, maana huku ibada huwa Ijumaa, siku ya mapumziko, tukasimama nje kungoja basi. Mganda alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka Friji. Alikuwa amevua shati la kazi, sweta imebaki peke yake juu. Hapo hapo mama akapiga simu ya video. Kwetu chumbani mzazi wa mmoja ni mzazi wa wote, na hakuna anayepita bila kumsalimia. Nikamkonyeza Mganda asogee mbali. Nikasingizia mtandao. Wapi! Kwao mwanamke hamsalimii mkubwa akiwa wima, kwa hiyo alipiga magoti pale pale kwenye lami, mbele ya simu yangu, na sweta ikajaa kwenye skrini kuanzia kola hadi pindo.

Mama akaikazia macho sweta. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kila safu ya sweta ile ilikuwa imemuuma vidole, hawezi tena kufuma nyingine, na mimi niliyeapa nilikuwa nimeigawa kama ugali. Kibaya zaidi, nilikuwa nimemdanganya Ijumaa baada ya Ijumaa, nikitoka kanisani.

Hakunigombeza. Aliniambia tu nisogeze simu kwenye kiwiko cha yule dada. Pale ilikuwa imechanwa na kitasa cha mlango, ikashonwa kwa uzi wa buluu. Hilo pia nilikuwa nimemficha.

“Nani alishona hapa?” akauliza, kwa Kiswahili chake cha sokoni.

“Ni mimi, mama,” Mganda akajibu, bado yuko magotini.

“Umeshona vibaya sana.” Akasogeza uso karibu na simu mpaka tukaona paji la uso tu. “Lakini asante. Tangu aondoke huyu, nimekuwa nikimwomba Mungu ampe mtu huko wa kumshonea nguo ikichanika.”

Mganda akacheka, akajipangusa vumbi magotini. Mimi nikageuka kutazama kama basi linakuja, ili wasinione nikilia.