Uzi Uliowaka Kitisuru

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa duka la vitu vya kale katikati ya Nairobi alinikabidhi koti kuukuu la jeshi, akaniambia nilinuse kabla ya kulitazama. Kitambaa kilichozeeka chenyewe, alisema, hunuka kabati na jasho; kilichozeeshwa kwa hila hunuka majani ya chai. Ndivyo nilivyoanza kukagua sare za khaki za jeshi la Wajerumani, zile zilizovaliwa huku kwetu Afrika Mashariki wakati wa vita vikuu vya kwanza. Wakusanyaji huzitafuta sana, kwa hiyo za bandia hazikosekani.

Baadaye niliajiriwa na Mkurugenzi wa jumba la binafsi la makumbusho kule Kitisuru. Alikuwa mtu mwerevu, ila alikwisha kutapeliwa, na tangu hapo alimwona kila muuzaji kuwa mwizi.

Asubuhi moja akaja Bi Mwanaisha, mama mzee wa Pwani aliyekuwa akiishi mjini na mwanawe. Alileta koti la babu yake, askari aliyewatumikia Wajerumani upande wa Tanga. Alitaka kuliuza kwa sababu macho yalikuwa yakimwishia, na nyumbani kwake hakuna mwingine aliyelijali.

Nilifunga mapazia, nikawasha taa ya zambarau tunayokagulia. Uzi wa zamani hubaki na giza lake chini ya taa hiyo. Wa kisasa, uliotiwa dawa ya kung'arisha, huwaka. Koti likawaka mabegani, makwapani, na ukosi mzima.

Mkurugenzi alisema kwa sauti ya chini, "Hii kitu ni feki. Mama, usitoke hapa."

Akaagiza geti lifungwe, akatoa simu awaite polisi. Bi Mwanaisha alishika ukingo wa meza. Neno langu ndilo lingempeleka kituoni au nyumbani.

Nilimwomba Mkurugenzi asubiri, nikachukua lenzi. Kando ya mishono iliyowaka palikuwa na matundu ya sindano ya zamani, yamejaa vumbi. Ndani ya pindo, mahali pasipowahi kuraruka, uzi ulikuwa wa pamba na haukuwaka hata kidogo. Nikamuuliza mama ni nani aliyeshona mabega.

Swali lilimshangaza. Alieleza kwamba nyanyake alikuwa akilirekebisha, kisha mamake, kisha yeye, kila mwaka kabla ya Idi, kwa uzi wowote waliopata dukani.

Nilisema koti ni la kweli, uzi tu ndio mpya. Mkurugenzi aliweka simu chini, akamwomba radhi, na nadhani alimaanisha. Lakini papo hapo akaniagiza niufumue uzi wote mpya, koti lirudi lilivyotoka kwa Wajerumani, ndipo alinunue. Nikashika mkasi.

"Uweke huo, mwanangu," alisema Bi Mwanaisha. "Mkiutoa uzi wetu, litabaki koti la Mjerumani. Letu litakuwa wapi?"

Akalikunja, akaondoka nalo. Getini hakuna aliyemzuia.

Nimestaafu sasa, naishi karibu na Adams Arcade. Vijana wanaoingia kazi hii huniuliza taa ipi ni bora, nami nawaambia taa huonyesha uzi, haimwonyeshi aliyeushona. Idi inapokaribia, mimi huenda mjini kwa Bi Mwanaisha, ambaye haoni tena tundu la sindano. Yeye hulipapasa koti polepole, na akifika palipochoka husema, "Hapa," nami nashona. Mkono wangu ni mzito kuliko wake. Atakayelikagua siku za mbele atauona.