Usukani wa Kambo

Wiki iliyopita niliunguza blauzi ya shule ya binti yangu. Umeme ulikuwa umekatika, jambo la kawaida kwetu Kolwezi, nikatoa pasi ya makala ya mama yangu, nikaijaza moto, nikaipuliza mpaka majivu yakaniingia puani. Harufu ya pamba yenye maji ikikutana na chuma cha moto naijua tangu sijaota meno ya pili. Halafu ikaja harufu nyingine, ya pamba inayoungua, na nilipoinua pasi kulikuwa na alama ya kahawia mgongoni mwa blauzi. Mimi siunguzi nguo, muulizeni yeyote mtaani. Niliunguza kwa sababu nilikuwa nimekumbuka gari. Msicheke, nitawaeleza taratibu pasi na gari vinakutana wapi.

Baba alikuwa na pikapu kuukuu, nyeupe kwa jina, nyekundu kwa vumbi siku zote. Tuliiita Kambo, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, kwa kuwa asubuhi alikohoa kabla ya kuamka na kila kona alilalamika magoti. Watu walimwita baba Papa Mado, kwa jina langu mimi, mtoto wake wa kwanza, na mama alikuwa Mama Mado. Nilijiona mtu mkubwa kwa hilo. Baba akiitwa barabarani, ni mimi nimeitwa. Kazi ya Kambo ilikuwa kuleta makala kutoka porini, upande wa barabara ya Kasaji, tukayauze mjini.

Mwaka nilipokuwa darasa la nne, Kambo alianza kuumwa usukani. Volani, tunavyosema sisi. Tukienda porini alikwenda sawasawa, ungeweza kuachia mkono mmoja ukala karanga. Tukirudi na mzigo alikuwa mtu mwingine. Volani ililegea mikononi mwa baba, ikawa nyepesi ajabu. Baba anakata kulia, Kambo anafikiri kwanza, ndipo anakata, tena anazidisha. Malori ya kampuni yakija mbele yetu na mawingu yao ya vumbi, nilishika kiti kwa mikono miwili na kusali Salamu Maria kimoyomoyo.

Baba hakuonekana kuogopa. Tukifika nyumbani alishuka, akalipiga boneti kofi la mapenzi, akaniita.

"Kuya, enjenyere. Kambo iko mugonjwa. Tutafute fasi gani inamuluma."

Enjenyere, yaani mhandisi! Sijawahi kupewa zawadi iliyonilevya kama neno lile. Akaniahidi na jambo jingine: siku nitakayouona ugonjwa, atanipa volani mwenyewe, niendeshe mpaka kanisani, watu wote waone. Sikutaka kitu kingine duniani. Nililala nikiwaota wanakwaya wamesimama mlangoni midomo wazi, na mimi nakata kona.

Na alinifundisha kweli, hilo siwezi kumnyima. Alisema fundi mbaya anakimbilia kununua kipuri, fundi mzuri anaondoa kimoja kimoja. "Anza na bile bya bure," alisema. "Pepo mu pine. Babulo. Kisha unaingia chini. Unatosha hiki, unatosha kile. Ile inabakia, njo bugonjwa." Kutosha kwetu ni kuondoa. Basi tulipima upepo. Tulikaza nati. Tuliinua gurudumu la mbele kwa jeki, nikalishika juu na chini nikalitikisa, kisha kushoto na kulia, nikitega sikio kama kuna kitu kinagonga ndani. Halafu baba alikaa kitini akichezesha volani kidogo kidogo, na mimi, kwa udogo wangu, nikajipenyeza chini na kuweka kidole kwenye rotili, kile kifundo cha chuma kinachobeba gurudumu likageuka, kama nyonga ya mtu. Grisi iliyozeeka ina harufu tamutamu, ikishika nywele haitoki hata kwa sabuni ya kufulia.

"Inacheza?" aliuliza kutoka juu.

"Apana, papa."

"Muzuri. Tosha hiyo."

Gari, alipenda kusema, haisemaka bongo. Bongo kwetu ni uongo.

Sasa niwaambie kichekesho cha nyumba yetu. Nilisoma asubuhi. Watoto wote wa mtaa wakirudi mchana walivuliwa sare pale pale mlangoni, maana sabuni si maji ya mvua. Mimi, siku ya safari ya makala, nilivuliwa ile ya asubuhi nikavalishwa ya pili. Mama alikuwa ameifua, ameitia wanga wa muhogo, ameipiga pasi mpaka mikunjo ya sketi ya bluu inakata, na blauzi nyeupe ya kuumiza macho. Soksi mpaka magotini. Majirani walishika mbavu.

"Mama Mado, unamupeleka mutoto ku makala ao ku komunyo?"

Mama hakucheka nao. "Mutoto akienda mu njia, bantu baone kama iko na mama," alijibu, akanifunga kifungo cha mwisho shingoni. Nilijivuna. Kule porini baba alinikataza kushuka. Nilikaa mbele nikila karanga huku yeye na watu wa matanuri wakipakia nyuma, turubai limeshushwa kwenye kioo cha nyuma ili nisipate vumbi, kama alivyosema.

Njiani kulikuwa na bariyeri, gogo lililolazwa kukata barabara, na askari kivulini. Magari ya makala yalishushwa mizigo hapo gunia kwa gunia, kwa sababu watu walikuwa wakiiba mawe ya madini ndani ya ua wa kampuni na kuyaingiza mjini kwa njia za pembeni. Sisi hatukushushwa. Askari aliinama dirishani kwangu.

"Unatoka ku masomo, mutoto?"

"Ndiyo, tata." Na ilikuwa kweli, mchana ule nilikuwa nimetoka masomo.

"Soma muzuri, eh. Papa, pita."

Nilidhani wanampenda baba. Kila mtu alimpenda baba.

Nilikuwa mwanafunzi mzuri, na mwanafunzi mzuri ni hatari kwa mwalimu. Siku moja niliona kitu. Tukienda, kutoka kitini niliiona barabara yote mbele ya boneti. Tukirudi, boneti lilificha barabara, nikabaki na vilele vya miti na mbingu. Nikamwambia: "Papa, tukirudia, Kambo inainua pua. Pine ya mbele haikanyagi muzuri."

 Baba aliendesha kitambo bila kunitazama, kisha akasimama kwa mama mmoja wa kando ya njia, akaninunulia mandazi ya moto. Ni lame, akasema, yale mabapa ya chuma yanayobeba mzigo wa nyuma, yamezeeka. "Uko na macho, enjenyere. Lakini ni balame." Basi nikaacha habari ya pua, nikahamia kwenye lame. Nilizigonga nyundo, nilizipaka mafuta, nilizisemesha. Na makala ni mepesi jamani, gunia lake hata mama mja mzito analitia kichwani na kwenda. Nilijua hilo na sikuliweka pamoja na lile jingine, kwa sababu ni baba aliyekuwa amesema. Hata sasa nikiandika haya damu inanipanda. Nilikuwa nimeushika ugonjwa mkononi, yeye akanifungua vidole akaweka andazi.

Mwishowe tulimpeleka Kambo kwa Tata Kalenga, fundi wa mtaa wetu, mtu mpole aliyezoea kuongea na magari kuliko na wenye magari. Alibadilisha rotili zote mbili, akamwendesha Kambo mtupu kulizunguka soko, akarudi anatabasamu. Amepona. Safari iliyofuata, tukirudi, Kambo aliogelea barabarani vilevile. Baba akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Hii mambo ni nguvu," alisema, na mimi nikamhurumia.

Ilikuwa mwanzo wa mvua. Barabara ilikuwa imelowa juu tu, ule utelezi mbaya zaidi. Kwenye mteremko wa kijito kimoja baba alikata kushoto, na Kambo hakukata. Niliiona volani inageuka mpaka mwisho. Gari likaendelea mbele vilevile, taratibu, bila haraka yoyote, mpaka mtaroni. Paji langu la uso likagonga mbele. Nilitambaa nikatokea dirishani, nikakaa kwenye majani, damu ikinishuka jichoni na kudondoka kwenye blauzi.

Magunia yalikuwa yamemwagika. Kwanza makala. Kisha, kutoka chini yake, vifuko vidogo vilivyofungwa kwa waya, na kimoja kimepasuka. Mtoto wa Kolwezi analijua jiwe la madini kabla ya kuijua herufi: yale ya kijani na yale meusi, fuko dogo tu na watu wawili hawalinyanyui kwa furaha. Yalikuwa yamepangwa mwisho kabisa nyuma, kupita magurudumu, pale yanapomkalisha Kambo chini na kumwinua mbele.

Baba alitoka. Alinipita. Nilikuwa karibu naye kuliko yale mawe, nilinyoosha mkono, na akanipita. Alipiga magoti akayafunika mawe kwa makala, kwa viganja vyake, haraka haraka, akavuta turubai juu. Ndipo akaja kwangu, akanipangusa damu kwa mikono ile ile myeusi.

"Enjenyere," alisema, "utasema ni rotili."

Nikaligeukia gurudumu la mbele, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kutazama. Rotili ilikuwa nzima, imekaa mahali pake, na grisi mpya ya Tata Kalenga bado inang'aa. Shuleni nilikuwa nimekariri methali ile ya kikulacho ki nguoni mwako, nikapata alama zote bila kuielewa. Siku ile nilidhani nimeielewa. Muda wote ule nilipolala chini ya gari na vumbi mdomoni, nikitafuta, yeye alikaa juu akichezesha volani, akiniuliza inacheza, na alikuwa anajua. Aliuona ugonjwa kila safari, maana aliupakia mwenyewe.

Jioni ile uwanja wetu ulijaa majirani. Baba alimwita Tata Kalenga, akasema mbele ya watu wote kwamba kazi yake mbaya nusura imuue mtoto. Fundi alisimama na kofia mkononi. Alisema aliikaza, anakumbuka aliikaza. Baba akanisukuma mbele kwa upole.

"Enjenyere wetu alikuwa pale. Atabaambia."

Kichwa kilikuwa kinanigonga. Nilimtazama Tata Kalenga. "Rotili iko muzima," nikasema.

Baba akacheka. "Mutoto alipigwa kichwa," alisema, na watu wakacheka naye, wakashukuru Mungu kwamba ni hivyo tu. Mama alinishika mkono akaniingiza ndani. Aliloweka blauzi kwenye chumvi, akaisugua, akalia, machozi yakiingia besenini. Nikasema moyoni, angalau huyu ananililia mimi. Tata Kalenga alikosa wateja. Mvua zilipoisha alifunga vyombo vyake akahamia Kisenge. Baba hakuniita tena enjenyere. Nilikuwa Mado, kama kwa watu wengine wote. Kambo alipotengenezwa, mdogo wangu Sifa ndiye aliyepanda mbele, amevaa sare, soksi magotini. Nilisimama langoni nikaona wivu. Nilifikiri baba amepata enjenyere mwingine.

Baba tulimzika miaka mingi baadaye. Nililia kama wenzangu, lakini sikumsamehe, na sikuona aibu kwa hilo. Mama nikamchukua aje akae kwangu.

Na sasa turudi kwenye pasi. Nilikuwa nainyoosha ile blauzi, makala yanaelekea kuisha, nikamwambia binti yangu akimbie sokoni kuleta mengine. Akasema angoje kwanza nimalize, aivae, aende amependeza. Nikamjibu bila kufikiri: "Nani anavalaka nyeupe kwenda ku makala?"

Mama alikuwa mlangoni anachambua maharage. Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

Nikaanza kutosha kimoja kimoja, kama nilivyofundishwa. Ilikuwa fahari? Kanisani nilikwenda na gauni lililofifia. Ilikuwa usafi? Kwenye makala? Nikaona sare ya pili, iliyonyooshwa mchana, saa ile watoto wanapotoka masomo. Nikamwona askari akiinama dirishani. Nikamwona Sifa. Hapo ndipo blauzi ilipoanza kuungua.

"Mama," nikasema, "ni papa alikuomba utuvalishe ile sare?"

Akatupa punje mbovu, akatupa nyingine.

"Papa yako?" alisema. "Ule hakuyuaka mambo ya manguo."

Basi baba hakuyajua ya nguo, sare ilikuwa akili ya mama mwenyewe. Miaka yote hiyo nilikuwa nafungua gurudumu lisilo lenyewe. Nilimkasirikia baba mpaka kaburini, na mama nikampa chumba chenye dirisha, kwa sababu siku ile alilia. Aliililia blauzi. Ile ndiyo iliyokuwa nzuri, na safari nyingine ilikuwa karibu, na Sifa alikuwa wa kimo changu.

Sijamwambia neno zaidi. Nampikia, namwogesha, najua njaa ilikuwa njaa. Lakini usiku narudi pale langoni, Kambo anakohoa, na vidole vya mama viko shingoni mwangu vinafunga kifungo cha mwisho, naye anajua ninapelekwa wapi na nimevalishwa kwa ajili gani. Najaribu kukumbuka kama mkono wake ulitetemeka. Nimejaribu sana. Haukutetemeka.