Nyasi za Baba Mkwe

Akina mama wa usharika wetu hapa Rwamishenye wananiuliza kila Jumapili, "Ulaya kukoje? Tusimulie vivutio, mbona unatubania?" Nimewasimulia handaki, nimewasimulia soko la samaki na meli. La bango sijawasimulia, kwa sababu kila nikifika hapo sauti inapanda mpaka watoto wanaacha kucheza wananitazama. Basi naandika. Karatasi haishtuki.

Usharika wetu una urafiki na usharika mmoja wa Ujerumani, katika mji wa bandari ulioko kaskazini, mji wa zamani hasa. Mwaka huu wanakuja wao, mwaka mwingine tunakwenda sisi. Zamu yetu tulikwenda watu sita. Mimi nilichaguliwa kuwakilisha vijana, ingawa nina watoto wawili na mdogo nilikuwa nimemwachisha ziwa mwezi uleule, kwa sababu Kiingereza changu cha kidato cha nne hakijafa. Kiongozi wetu alikuwa mzee mmoja wa kanisa, mwalimu mstaafu, tunamwita Mwalimu tu. Yeye alisoma Kijerumani ujanani. Wageni wakija Bukoba, wanachosema na tunachosema sisi vyote vinapita mdomoni mwake.

Kabla ya safari nilikwenda Rubya kumuaga baba mkwe. Yeye ni Mkatoliki wa tangu kubatizwa, na mwaka uliotangulia, wageni wetu walipotaka kuona kibanja cha Wahaya, shamba la migomba linalozunguka nyumba, ni yeye aliyesema, "Waleteni. Ndizi hazina dhehebu."

Siku ile ya wageni naikumbuka vizuri. Baba mkwe, na goti lake bovu, aliamka alfajiri akaenda rweya, kule kwenye mbuga wazi nje ya vibanja, akakata nyasi mwenyewe. Hakutaka kijana yeyote amkatie. Alizileta kichwani, akazitandaza sebuleni nene, laini, nyumba nzima ikanukia. Mama mkwe akababua majani ya mgomba motoni mpaka yakalegea, akayatandika katikati, akamwagia ndizi zilizopikwa na maharage, samaki juu yake. Mimi, mtoto wa mjini, nikamnong'oneza baba mkwe kwamba labda wageni wangependa sahani. Mama mkwe ana kabati la vioo limejaa sahani za maua, dazeni tatu, kijiji kizima kinaazima kwake kukiwa na harusi. Baba mkwe alinitazama kama nimetukana.

"Mgeni wangu ale kwenye sahani peke yake? Kwani anaumwa?"

Basi tukaketi wote chini kwenye nyasi, Wazungu na sisi, tukala kwenye jani moja. Binti yangu wa miaka minne alikaa katikati ya wageni, mchuzi wa maharage hadi kwenye nyusi. Walimpiga picha, tukacheka. Kwetu huwezi kumpa mtu heshima kuliko ile.

Sasa siku ya kuniaga, baba mkwe alinipa kahawa ya kutafuna, ile ya kuchemshwa na kukaushwa, ameifunga kwenye ganda la mgomba, niwapelekee. Akaniambia, "Na uwaulize kitu kimoja. Waulize kama nyasi zangu ziliwapendeza. Uniletee jibu."

Nikasema, "Nitaleta, Tata."

Nililibeba swali hilo kwenye ndege.

Ule mji, nisiwe mnafiki, ni mzuri. Siku ya kwanza mwenyeji wangu, mama mmoja mjane mwenye nywele fupi nyeupe, mmoja wa wageni wale waliofika Rubya, alitupeleka sote kwenye handaki. Nilidhani ni daraja la aina fulani. Tukaingia kwenye lifti kubwa, inabeba hata magari, ikashuka, ikashuka, tukatokea kwenye njia ndefu ya vigae vyeupe. Watu wanaendesha baiskeli. Kwenye kuta kuna samaki wa udongo wamechongwa, na kiatu kilichotupwa, na panya. Mwenyeji akanionyesha juu kwa kidole: "Juu yetu ni mto. Na meli."

Nilisimama. Meli! Juu ya kichwa changu! Mama mwenzangu wa kutoka kata ya Bakoba alinishika mkono akasema, "Mwenzangu, tutoke. Mungu hakuweka maji juu ili watu wapite chini."

"Na Farao je?" nikamwambia.

"Ndiyo hivyo. Ukumbuke alivyomaliza."

Tulitoka mbio, Wajerumani wanatucheka.

Halafu maghala. Ukitoka mtoni unaingia kwenye mifereji, na pande zote mbili majengo ya matofali mekundu yameota majini moja kwa moja, marefu, yana paa za shaba zilizogeuka kijani, na juu kabisa kuna winchi za kuvutia mizigo kutoka kwenye mashua. Zamani yalijaa kahawa na viungo. Niliweka pua kwenye mlango mmoja wa mbao nikasikia harufu ya kahawa, kweli kabisa, nikamkumbuka baba mkwe anavyotafuna ya kwake akiwa amefumba macho. Bandari yetu ya Bukoba nimeijua tangu utoto, meli ikifunga ni sherehe. Kule meli zimepangana mpaka jicho linachoka, na moja ya makontena niliihesabia ghorofa nikaacha.

Jumapili alfajiri tulikwenda soko la samaki. Hilo ndilo lililonishtua kuliko handaki. Saa kumi na moja asubuhi watu wamejaa, wengine hawajalala, wanakula mkate na samaki mbichi, na wauzaji wamesimama juu ya magari wanapiga kelele. Mmoja alikuwa anauza ndizi. Anazinadi, anatukana wateja kwa utani, kisha anazirusha. Ndizi! Chana zima linapita hewani, mtu analidaka kama mpira. Mimi ni Mhaya. Kwetu mtu akirusha ndizi, ujue ndoa imefika mwisho. Mwalimu alinitania, "Mwanangu, funga mdomo, litaingia chana humo." Nilicheka sana. Nasema hivi ili ijulikane kwamba mpaka asubuhi ile nilikuwa nampenda yule mzee.

Kutoka sokoni tukaenda kanisani kwao kwa ibada. Hilo kanisa lipo kwenye vitabu vya watalii vyote, mwenyeji alituambia. Matofali mekundu, mnara unaotafuta mawingu, na ndani, juu ya vichwa vya waumini, imening'inizwa meli. Meli ndogo ya mbao yenye matanga na kamba zote, mabaharia wa zamani waliitoa kama shukrani. Nilikuwa bado nimeinua shingo naitazama meli ndani ya kanisa, nikashusha macho ukutani, nikamwona binti yangu.

Binti yangu. Mrefu kuliko mimi. Mchuzi wa maharage hadi kwenye nyusi.

Kwanza nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilimvuta mwenyeji, "That is my daughter!" Akapiga makofi, akanikumbatia, akaita watu. Picha ilikuwa bangoni, na chini yake maneno makubwa ya Kijerumani, na chini ya maneno kisanduku cha sadaka. Watalii walikuwa wamepanga foleni ya kupanda mnara, na foleni ilipita pale pale. Nikamwomba mwenyeji anitafsirie. Alinitafsiria kwa Kiingereza, polepole, kwa furaha, kama mtu anayekupa zawadi:

"Huyu mtoto anakula sakafuni, juu ya majani. Kwao hakuna meza wala sahani. Msaidie."

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Nilikaa kwenye benchi la kanisa. Kinanda kilianza, ibada ikaendelea, sikusikia neno hata moja. Nilikuwa naona nyasi tu. Kwenye picha zilionekana vizuri, kijani kibichi, kila jani. Za mzee mwenye goti bovu. Na huyo mzee ananisubiri Rubya nimletee jibu.

Baada ya ibada nilimfuata Mwalimu. Alikuwa amekaa nje, ukuta wa mtoni, anakula aiskrimu. Nikamuuliza kama ameliona bango.

"Nimeliona."

"Na maneno yake umeyasoma?"

Akalamba aiskrimu. "Nimeyasoma."

"Nani aliwaambia hatuna sahani?"

Nilitegemea aseme Wazungu wamejitungia. Nilikuwa tayari kuwachukia, nilishajipanga kabisa. Mwalimu akatazama meli zinazopita, akasema, "Waliniuliza siku ile kwa nini tunakula kwenye majani. Kueleza ilikuwa habari ndefu. Nikawajibu kwa kifupi."

Mtu aliyekaa kwenye zile nyasi, akala kwenye lile jani, akamega samaki kwa mkono uleule! Mhaya, tena wa Kanyigo, asiyejua maana ya nyasi?

"Sikiliza, mwanangu," akasema, sasa kwa Kihaya, sauti chini. "Chekechea yetu ilikuwa inavuja. Ningewaambia ile ni heshima, wangechangia nini? Mzungu hachangii heshima. Nilivyosema hakuna sahani, waliandika. Mabati yalikuja. Binti yako anasoma chini ya mabati yale, mvua ikinyesha halowi. Au uongo?"

Si uongo. Hilo ndilo linaniudhi mpaka leo. Mabati yapo, na mwanangu halowi.

"Kawaambie ukweli," nikasema. "Leo."

"Usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

"Mimi nimeshazaa, Mwalimu. Mara mbili. Na huyo pale ukutani ni wangu."

Hakwenda. Nilikwenda mimi. Jioni ile, jikoni kwa mwenyeji wangu, jua bado linawaka saa mbili usiku kama wendawazimu, nilimweleza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza: rweya, goti, nyasi, jani, kabati la vioo. Nilimwambia, "Plates, we have. Thirty-six." Nikamwonyesha kwa vidole ili asikosee. Nikampa na kahawa iliyofungwa kwenye ganda la mgomba. Yule mama alibadilika rangi kuanzia shingoni. Akasema, "Lakini Mwalimu mwenyewe ndiye alituambia." Akampigia simu papo hapo. Niliisikia sauti ya Mwalimu ikisema Kijerumani kingi, laini. Mwenyeji akakata simu akaniambia, "Anasema kulikuwa na kutoelewana."

Kutoelewana! Na nani? Na majani?

Asubuhi, kabla ya kwenda uwanja wa ndege, mwenyeji alinipeleka kanisani. Akapanda kwenye kiti, umri ule, akabandua bango kwa mikono yake, akalikunja, akanipa. Machozi yalikuwa yanamtoka. Nilimuuliza swali nililotumwa. Akanijibu kwamba mpaka leo hajasahau harufu ile, na kwamba siku ile aliona aibu kukaa juu ya nyasi nzuri namna ile na viatu vyake. Yeye sina ugomvi naye.

Nyumbani Rwamishenye nilichukua mkasi nikakata maneno yote ya chini, nikabaki na picha. Baba mkwe nilipompelekea, aliishika mbali na macho kama anavyoshika barua.

"Waliiweka kanisani?"

"Kanisani, Tata. Kwenye kanisa kubwa kuliko yote mjini."

"Nyasi zimetoka vizuri."

"Zimetoka. Na waliipenda harufu."

Akaigonga ukutani sebuleni kwa misumari minne. Sikumwambia mengine. Hayakuwa ya kwangu kusema. Yalikuwa ya mtu mwingine, na mtu huyo nilimsubiri.

Mwezi uliofuata usharika ulimtuma Mwalimu Rubya kumshukuru baba mkwe kwa ukarimu wake. Nikaenda siku hiyo kusaidia kupika. Baba mkwe alikwenda tena rweya, tena na goti, akatandaza. Watu wakaketi chini. Mimi nikafungua kabati la vioo, nikatoa sahani moja ya maua, nikapakua ndizi na samaki, nikaweka juu ya stuli mbele ya Mwalimu, nikamvutia kiti akaketi.

"Karibu, Mwalimu. Wewe tumekutafutia sahani."

Mama mkwe alinitazama kwa hofu. Baba mkwe mkono wake ukabaki hewani.

"Wewe mtoto! Mwalimu anaumwa?"

"Muulize mwenyewe, Tata."

Mwalimu aliitazama sahani. Kisha akainua macho, akaiona picha ukutani, akaona ilivyokatwa chini, kingo hazijanyooka. Nilidhani atasimama aondoke. Akashuka kwenye kiti, mzee mzima, akaketi kwenye nyasi.

"Waitu," alimwambia baba mkwe kwa heshima ya Kihaya, "ile picha ilikuwa na maneno."

Akayasema yote. Mabati pia aliyasema, hakujificha nyuma yake wala hakuyaacha. Baba mkwe alisikiliza huku akichambua mwiba wa samaki taratibu. Mwalimu alipomaliza, nilitegemea ngurumo. Mimi ningenguruma.

"Na wale wageni," baba mkwe akauliza, "walidhani wanakula cha maskini?"

"Walidhani hivyo."

"Na bado walimmaliza samaki." Akatikisa kichwa. Kisha akasema, "Utalala hapa. Kesho nyasi utakata wewe."

Hakuna aliyecheka. Nikaiondoa sahani.

Asubuhi nilipotoka kuteka maji nilimwona Mwalimu kule rweya, suruali ameikunja hadi magotini, ameinama na mundu. Baba mkwe amesimama pembeni, anamwelekeza kwa fimbo. Alikuwa anakata vibaya sana, mabua yanabaki marefu. Baba mkwe akamwambia arudie.